Kisa cha K2-18b: habari ya "uhai angani" ilivyofika Kisumu wikendi ya Pasaka

Alhamisi ya tarehe 17 Aprili 2025, mkesha wa Ijumaa Kuu, jarida la The Astrophysical Journal Letters lilichapisha makala ya kundi la wanaastronomia lililoongozwa na Profesa Nikku Madhusudhan wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Makala yenyewe ilikuwa na tahadhari tele. Kufikia Jumamosi jioni, katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa shule ninayofundisha hapa Kisumu, ilikuwa imegeuka kuwa ujumbe wa sauti: wanasayansi wamewapata viumbe kwenye sayari nyingine, mataifa makubwa yalijua zamani yakanyamaza, asiyeamini asubiri. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kwa upole kama ni vyema kusambaza mambo hayo wikendi ya Ufufuko. Mzazi mwingine akamjibu kwa kikaragosi cha kicheko. Basi kukawaka moto.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu ya sayansi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Aprili, lakini likizo haimzuii mwanafunzi wa kidato cha tatu kukutumia fowadi na swali la neno moja: "Kweli?" Andiko hili ni uchambuzi wa kisa hicho: nini kilipimwa, nini kilidaiwa, nini kilisikika huku mtaani, na pengo kati ya hayo lilitoka wapi. Nitakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo naona wengi waliliruka. Uzito wa dai zima ulitegemea orodha ya washukiwa, yaani ni gesi zipi zilizopewa nafasi ya kushindana na ile iliyotangazwa.

Kilichopimwa hasa

K2-18b ni sayari inayozunguka kibeti chekundu, nyota ndogo na yenye joto la chini kuliko Jua, iliyo umbali wa miaka ya nuru 124 hivi katika kundi la nyota la Simba, lile ambalo wanafalaki wa pwani huliita Asadi. Sisi wa Kisumu tumekaa karibu juu ya ikweta yenyewe, kwa hiyo mwezi wa Aprili, inapopita saa nne usiku, sehemu hiyo ya anga huwa karibu utosini. Usitarajie kuiona. Nyota hiyo ni hafifu mno kwa macho, na Aprili ni msimu wa mvua. Jioni nyingi wingu hutanda kuanzia ziwani hadi vilima vya Nandi. Nuru iliyoifikia darubini iliondoka kule wakati reli ya Uganda ingali inajengwa kuja Port Florence, ambao ndio mji huu huu wetu, ilikofika mwaka 1901.

Hakuna aliyeipiga picha sayari hii. Niliwaambia wanafunzi hilo mapema kwa sababu fowadi iliambatana na picha maridadi ya bahari ya samawati chini ya jua jekundu, na wengi waliamini ni picha halisi. Ni mchoro wa msanii. Kinachofanyika ni hivi: kila baada ya siku 33 hivi, sayari hupita mbele ya nyota yake kwa jinsi tunavyoiona kutoka huku, na nyota hufifia kwa saa chache, chini ya asilimia 0.3. Ndivyo chombo cha Kepler kilivyoinasa mwaka 2015, kikiwa katika awamu yake ya pili iliyoitwa K2, na jina likatoka hapo. Ikiwa sayari ina angahewa, nuru kidogo ya nyota hupenya kwenye ukingo wa hewa hiyo kabla ya kuja kwetu, na kila gesi hunyonya rangi zake. Kwenye rangi inayonyonywa, sayari huonekana imenenepa kidogo, na nyota hufifia zaidi kidogo. Hiyo "kidogo" ni kama sehemu moja au mbili katika elfu kumi za nuru ya nyota. Kuipima kunahitaji darubini ya James Webb, yenye kioo cha mita 6.5, inayokaa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani.

Vipimo vilivyotangazwa mkesha ule wa Ijumaa Kuu vilitoka kwenye upitaji mmoja, uliorekodiwa na kifaa cha Webb kiitwacho MIRI, katika mawimbi ya infraredi ya kati ya mikroni 6 na 12 hivi. Upitaji mmoja tu. Tutarudi hapo.

Sayari hii nayo si mgeni magazetini. Septemba 2019 makundi mawili yaliyotumia darubini ya Hubble yalitangaza kwamba angahewa yake ina mvuke wa maji. Vichwa vya habari vikafuata: maji yapatikana kwenye sayari inayoweza kukalika. Mwaka 2023 Webb ikaiangalia kwa mawimbi mapana zaidi na kukuta methani na kaboni dioksidi, zote mbili kwa dalili za wazi. Maji hayakuonekana. Kile kipande cha wigo, yaani cha mpangilio wa rangi za nuru, ambacho Hubble ilikuwa na uwezo wa kukiona ni mahali ambapo maji na methani hunyonya nuru karibu sawa, na chombo kisichoona zaidi ya hapo hakina namna ya kuvitenganisha. Hubble ilipima vizuri; jina la gesi ndilo lililobandikwa mapema. Ningekuwa mhariri wa habari, kisa hicho cha 2019 ningekibandika ukutani.

Katika kazi ile ya 2023 kulikuwa pia na fununu ya gesi nyingine, dimethili salfaidi, kwa kifupi DMS. Ilikuwa dhaifu kiasi kwamba waandishi wenyewe hawakuiegemea. MIRI ilitumiwa ili kuitafuta upya kwa kifaa kingine na mawimbi mengine, na Aprili 2025 wakarudi na jibu: kuna dalili ya DMS, au ndugu yake dimethili disalfaidi, kwani vipimo havikuweza kutenganisha mmoja na mwingine, kwa kiwango cha sigma tatu, kipimo cha takwimu nitakachokieleza mbele. Hapa Duniani DMS iliyo hewani hutokana karibu yote na viumbe, hasa planktoni wa baharini, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini. Ndiyo sababu ya kelele zote.

Zoezi la grafu

Muhula wa pili ulipofunguliwa, klabu ilikuwa na wageni kuliko wanachama. Makala ya Cambridge inasomeka bure, kwa hiyo niliichukua grafu yake kuu, nikafuta mistari ya rangi iliyochorwa na watafiti, nikabakiza nukta peke yake, kila moja na mstari wake wa wima unaoonyesha kipimo kinaweza kupotoka kwa kiasi gani. Nikatoa nakala, nikawagawa wanafunzi katika makundi, nikawaambia: choreni mnachokiona.

Kundi la kwanza, waliokwisha kuona grafu halisi kwenye simu za wazazi, walichora vilima viwili vya kupendeza. Kundi la pili walipitia kila nukta, juu chini, juu chini, mpaka karatasi ikafanana na meno ya msumeno. La tatu walichukua rula, wakachora mstari mmoja ulionyooka kutoka kushoto hadi kulia, wakarudisha karatasi na kuanza kuongea mambo ya mpira.

"Mwalimu, hawa ni uvivu tu," akasema msichana mmoja wa kundi la vilima.

"Uvivu unapimwa," nikamwambia. "Hesabu mstari wao umekatiza mistari mingapi ya wima, halafu hesabu wenu."

Wakahesabu. Mstari wa rula ulikuwa umekatiza mingi, na vilima havikuuacha mbali. Kundi la msumeno wakajigamba kwamba wao wamegusa yote. Hapo ndipo penye somo lenyewe, na nilitumia kipindi karibu kizima. Ile mistari ya wima inamaanisha kwamba hata ukipata umbo sahihi kabisa, takriban theluthi moja ya nukta zitakaa nje ya mfikio wake. Umbo linalopitia kila nukta limefuata makosa ya kipimo pamoja na ukweli, bila kujua lipi ni lipi. Na kama umbo sahili kabisa, mstari ulionyooka, unakubalika kwa nukta zilizopo, anayetaka vilima ndiye mwenye deni la kuthibitisha.

Baadaye nikawaonyesha kwamba zoezi hilo lilikuwa limeshafanywa na mtu anayelijua kuliko mimi. Siku chache baada ya tangazo, Jake Taylor wa Chuo Kikuu cha Oxford alizichukua data zile zile za MIRI, akaacha kuuliza ni gesi gani, akauliza kwanza kama kuna umbo lolote. Hesabu yake ikaonyesha kwamba mstari ulionyooka unaridhisha. Kundi la rula walikaa wiki nzima hawashikiki.

Gwaride

Sasa ile sigma tatu. Kwa lugha ya kawaida, ina maana kwamba kama DMS haipo kabisa, uwezekano wa bahati nasibu peke yake kuleta vipimo vya namna hii ni asilimia 0.3. Fowadi ziligeuza hesabu hiyo zikasema uwezekano wa kuwapo uhai ni asilimia 99.7. Kosa hilo lina tabaka mbili. La kwanza ni dhahiri kwa yeyote aliyesoma takwimu kidogo: uwezekano wa ushahidi ikiwa mtu hana hatia si sawa na uwezekano kwamba hana hatia. La pili ndilo ninaloliona kubwa zaidi, na linahitaji mfano.

Polisi wakimshuku mtu, humpanga katika gwaride la utambulisho pamoja na wengine wanaofanana naye, ndipo shahidi akaitwa. Tuseme shahidi alimwona mtu mrefu gizani, na kwenye gwaride mrefu ni mmoja tu. Atamgusa bega huyo huyo bila kusita. Uhakika wake umetengenezwa na aliyepanga mstari, na ukimuuliza ana uhakika kiasi gani, atakutajia tarakimu kubwa kwa moyo mweupe.

Sigma tatu za Aprili zilipatikana kwa kulinganisha angahewa yenye DMS na angahewa isiyo nayo, katika orodha fulani ya gesi. Luis Welbanks na wenzake huko Marekani waliongeza washukiwa: makumi ya molekuli nyingine, nyingi zikiwa za haidrokaboni, zisizohitaji kiumbe hai kuzitengeneza. Nyingi zilifanana na vipimo vizuri sawa na DMS au kuizidi. Rafael Luque na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago wakapita njia nyingine, wakaunganisha vipimo vyote vya Webb vya sayari hiyo, vya mawimbi mafupi na marefu, na wakaona ushahidi wa DMS hautoshi. Kundi la Cambridge nalo halikukaa kimya. Walirudia hesabu kwa orodha ya mamia ya molekuli, na kwa hesabu yao DMS ilibaki miongoni mwa chache zinazoongoza. Ni haki kulisema hilo, kwa sababu huku kwetu wengi walisikia nusu ya kwanza wakasherehekea, au nusu ya pili wakacheka.

Katikati ya joto hilo nilipigiwa simu na mtangazaji wa kituo kimoja cha redio cha hapa. Ni mtu mwema, tunajuana kutoka kwenye mashindano ya sayansi ya shule.

"Omera mwalimu, tuko hewani sasa hivi. Nipe sentensi moja. Asilimia 99.7, ni uhai au si uhai?"

Nikampa sentensi moja: darubini imeona dalili ambayo huenda ni ya gesi ambayo huenda inatokana na viumbe.

Kimya kidogo. "Mwalimu, hizo ni 'huenda' mbili. Hiyo si habari."

Sina kinyongo naye; anafanya kazi yake na matangazo ya vifo yanamsubiri. Lakini kisa chote kimo ndani ya hizo "huenda" mbili, tena kwa kweli ni tatu. Je, kuna umbo kwenye nukta? Kama lipo, ni la DMS? Kama ni la DMS, DMS hiyo imetoka kwa viumbe? Sigma tatu zilikuwa zinajibu swali la pili, zikichukulia la kwanza limekwisha. La tatu hazikuligusa hata kwa ncha ya kidole, na ndilo pekee lililosikika redioni.

Harufu ya kabeji

Tulitumia muda kidogo kwenye swali la tatu, na hapo wanafunzi wa bweni walikuwa wataalamu. DMS ni sehemu ya ile harufu ya kabeji iliyochemka kupita kiasi. Nilipolitaja hilo, darasa zima lilielekeza macho jikoni.

Kijana mmoja ambaye kwao ni Dunga akauliza kama mwani wa Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, ule unaogeuza maji kuwa kijani kibichi hadi mvuvi hawezi kuuona mwisho wa kasia lake, nao unatoa DMS. Swali zuri mno. Planktoni wa baharini hutengeneza kemikali inayowasaidia, pamoja na kazi nyingine, kuhimili chumvi, na DMS hutokana na kemikali hiyo ikivunjwa. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hilo si shamba kubwa la DMS hata likiwa limejaa mwani kiasi gani. Maana yake ni kwamba hata hapa Duniani sehemu yenye uhai wa kufurika inaweza kuwa na kidogo sana cha kile tunachokiita alama ya uhai.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba data za chombo cha Rosetta zinaonyesha DMS kwenye kimondo chenye mkia kiitwacho 67P, mahali ambapo hakuna planktoni wala mpishi. Mwaka huo huo majaribio ya maabara yalionyesha kwamba ukiangaza mwanga wa urujuanimno kwenye mchanganyiko wa gesi zinazofaa, DMS hujitengeneza bila kiumbe. Tena kiasi kilichodaiwa kule ni kikubwa ajabu: zaidi ya sehemu kumi katika milioni, wakati hapa kwetu hewani ni chini ya sehemu moja katika bilioni. Ama bahari ya kule imejaa uhai kuliko yetu maelfu ya mara, ama kuna kemia ambayo hatujaizoea. Mimi nikilazimishwa kuweka dau, naweka kwenye kemia.

Kuna ardhi ya kukanyaga?

Hapa ndipo nadhani magazeti yalikosea kwa namna ambayo haikurekebishwa hata baadaye. K2-18b inaitwa sayari iliyo katika ukanda unaofaa uhai, na ni kweli inapokea nuru karibu sawa na tunayoipokea sisi kutoka kwa Jua. Lakini ukanda huo hupimwa kwa umbali kutoka kwenye nyota peke yake. Hauulizi sayari imetengenezwa na nini.

Tukafanya hesabu. Uzito wa K2-18b ni kama mara 8.6 ya Dunia, na nusu kipenyo chake ni kama mara 2.6. Mwanafunzi mmoja akaenda ubaoni na kikokotoo: 2.6 kwa kipeo cha tatu ni 17.6, 8.6 gawanya kwa 17.6 ni 0.49, zidisha kwa 5.5, ambao ndio msongamano wa Dunia kwa gramu kwa sentimita ya ujazo, unapata 2.7.

"Hiyo ni granaiti, mwalimu! Ni Kit Mikayi tupu!"

Darasa likacheka, maana Kit Mikayi ni jabali maarufu la huku kwetu, lakini kijana alikuwa amekumbuka jedwali lake sawasawa. Granaiti ni 2.7 kweli. Kasoro ni kwamba jiwe likiwekwa ndani ya sayari yenye uzito mara 8.6 ya wetu, hugandamizwa. Sayari ya mawe matupu yenye uzito huo ingekuwa na msongamano unaozidi wa Dunia, zaidi ya 5.5 kwa mbali. Ikiwa imebaki 2.7, basi sehemu kubwa ya ujazo wake ni vitu vyepesi: haidrojeni, maji, au vyote viwili. Kit Mikayi haimo.

Sasa hivyo vitu vyepesi vimepangwaje? Madhusudhan na wenzake walipendekeza mwaka 2021 kuwapo kwa sayari za aina ya pekee, zenye bahari dunia nzima chini ya angahewa ya haidrojeni, na K2-18b ndiyo mfano wao mkuu. Wengine wanasema vipimo vile vile vinaelezeka kwa sayari ya gesi, mdogo wake Neptuni, ambayo unashuka ndani yake kilomita baada ya kilomita, joto na mgandamizo vikipanda, bila kukuta uso wowote. Wengine tena wameonyesha kwamba bahari ya mawe yaliyoyeyuka chini ya haidrojeni inaweza kuleta mchanganyiko wa gesi unaofanana na uliopimwa. Hata wale wa bahari ya maji wana shida moja: haidrojeni nyingi hushika joto sana, na bila mawingu ya kurudisha nuru nyingi angani, bahari hiyo haikai maji kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mtu anayeniuliza kama K2-18b inakalika, namjibu kwamba bado tunabishana kama ina mahali pa kukaa.

Wanafunzi walitaka kujua pia kwa nini jina ni la herufi na tarakimu kama nambari ya matatu. Niliwaambia si zote. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulizipa nchi nafasi ya kuita nyota na sayari majina, na Kenya ikapewa nyota HD 83443. Majina yaliyochaguliwa yalitoka Dholuo: nyota ni Kalausi, sayari yake ni Buru. Shangwe zilizofuata zilimleta mwalimu wa zamu dirishani. Bahati mbaya Buru ni jitu la gesi linaloizunguka Kalausi kwa siku tatu hivi, kwa hiyo kwenye mbio za uhai halimo.

Nani wa kulaumiwa

Wapo waliosema kundi la Cambridge halikupaswa kutangaza kabisa hadi lifike sigma tano, kiwango ambacho uwezekano wa bahati nasibu hushuka hadi asilimia 0.00006. Wao wenyewe walisema wanahitaji saa 16 hadi 24 zaidi za Webb ili pengine kufika huko. Siungi mkono lawama hiyo. Wangenyamaza, Taylor asingekuwa na dai la kupima, wala Welbanks, wala Luque. Data zile za Webb ziko wazi kwa yeyote, na ndiyo maana majibu yalikuja kwa siku na wiki, si kwa miaka. Mbinu ilifanya kazi mbele ya macho yetu, na wanafunzi wangu waliiona ikifanya kazi, jambo ambalo kitabu cha kiada hakiwezi kuwapa.

Ninachokilaumu ni taarifa kwa vyombo vya habari, iliyotanguliza maneno ya dalili kali kuliko zote za shughuli za viumbe nje ya mfumo wa Jua letu, halafu tahadhari zikafuata chini, mahali ambapo mtangazaji aliye na sekunde chache hafiki. Kichwa kingesema dalili ya gesi. Hicho kingetosha, na kingekuwa kweli hadi leo.

Julai 2025 kundi lililoongozwa na Renyu Hu lilitoa uchambuzi uliotumia upitaji zaidi wa sayari hiyo. Methani na kaboni dioksidi zilithibitika kwa nguvu kuliko mwanzo, na ishara zilielekea kwenye sayari yenye maji mengi ndani yake. DMS haikupatikana kwa kiwango cha kuitegemea. Nilituma muhtasari kwenye kikundi cha wazazi. Ulipata alama tatu za dole gumba, mojawapo ikiwa ya mke wangu.

Klabu imehamia kwenye sayari nyingine, TRAPPIST-1e, iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi. Hii angalau ukubwa wake ni karibu sawa na wa Dunia na inaelekea kuwa ya mawe, kwa hiyo swali la mahali pa kukanyaga lina jibu. Septemba 2025 yalichapishwa matokeo ya upitaji wake wa mara nne yaliyopimwa na Webb, na bado haijulikani kama ina angahewa: nyota yenyewe ina madoa, na madoa hayo huchora vilima vyake kwenye grafu, hivyo safari hii nyota nayo imo mstarini na washukiwa. Nukta zake nimeshazitolea nakala bila mistari. Kila kundi limepewa rula.